Kufunika Si Kuzima
Kijitabu cha elimu kwa umma kwa watumiaji wa kompyuta mpakato, Karatu na Ngorongoro

Kwa nini tumekuandikia

Kijitabu hiki kimezaliwa na malalamiko. Yanawafikia mafundi wetu karibu kwa maneno yaleyale. "Niliifunika ikiwa na chaji ya kutosha, nimefika nyumbani imekufa." "Nimeitoa begini ina moto kama pasi." "Nikianza kuandika kioo kinazima, nikiondoa mkono kinawaka." "Asubuhi nimeifungua, feni inazunguka, kioo cheusi, haiamki."

Wengi huja wakiwa wameshatoa hukumu: betri ni feki, muuzaji ni tapeli, mashine imeingia virusi. Wapo walionunua betri mpya, wakarudi na tatizo lilelile. Tunasema bila kuficha: mara nyingi betri haina kosa lolote. Kosa liko kwenye kifuniko, au kwenye imani ya mtumiaji kuhusu kifuniko.

Tunajua vijitabu vya ofisi huishia kufungia karanga. Hiki tumekiandika kwa lugha ya mezani na kukijaribu kwenye mashine halisi, na tunajivunia kazi hiyo. Hata ukisoma sentensi moja tu kabla ya kukiweka pembeni, isome hii:

KUFUNIKA SI KUZIMA.

Onyo kuu

Unapofunika kompyuta mpakato, huizimi. Unaiomba ilale. Ombi hilo linaweza kusikika, linaweza kupuuzwa, na linaweza kukubaliwa kisha likavunjwa dakika kumi baadaye wakati wewe umeshaingia kwenye Noah ya kwenda Arusha.

Prosesa ya kompyuta mpakato ya kawaida ikiwa kazini hula wati 15 hadi 45, na umeme huo wote huishia kuwa joto. Mezani, feni hulitoa nje. Ndani ya begi lililofungwa zipu, lenye daftari, sweta na chaja, feni haina hewa ya kuvuta isipokuwa ileile moto iliyoitoa yenyewe. Kutoka Karatu hadi Arusha mjini ni karibu kilomita 150. Safari nzima mashine iliyokataa kulala inajipika yenyewe, nawe umeipakata ukidhani umebeba mzigo uliotulia. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Prosesa ina kinga yake: ikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi hupunguza kasi, na ikizidi hujizima. Betri ya lithiamu iliyolala kando yake haina uvumilivu huo. Ikishinda kwenye joto la zaidi ya nyuzi 45 huchakaa haraka, na hali hiyo ikirudiwarudiwa, inaweza kuvimba. Betri mbovu inaweza hata kushika moto. Mwaka 2006 kampuni ya Dell ya Marekani ililazimika kuwaita wateja warudishe betri milioni 4.1 zilizotengenezwa na Sony, kwa sababu ya hatari ya kupata joto kupita kiasi na kuwaka. Zile zilikuwa na kasoro ya kiwandani. Usiitengenezee kasoro nyingine ndani ya begi lako.

Ndiyo maana tunarudia, na tutarudia tena mwishoni: kufunika si kuzima.

Hatua tatu kabla ya zipu

Hatua hizi huchukua muda mfupi. Usiruke hata moja.

1. Tazama taa. Funika mashine, kisha angalia taa ya umeme. Katika mashine nyingi, taa inayopumua polepole au kuwaka na kuzima maana yake imelala. Taa iliyozimika kabisa maana yake imezima. Taa inayowaka mfululizo maana yake iko macho. Zipo zisizo na taa, au zenye mtindo wao. Jifunze ya kwako.

2. Sikiliza feni. Weka sikio karibu na matundu ya pembeni. Usipoisikia feni baada ya nusu dakika, vema. Ukiisikia bado, mashine haijalala.

3. Gusa tumbo. Weka kiganja chini ya mashine. Joto linapaswa kuanza kushuka. Likibaki palepale au likipanda, fungua, hifadhi kazi yako, kisha zima kabisa kwa menyu.

Ukisafiri zaidi ya saa moja, usiilaze. Izime. Hatutaki kusikia habari ya haraka. Gari litakusubiri nusu dakika.

Kifuniko kinajuaje kwamba kimefungwa?

Watu wengi hudhani kuna kitufe kinachobonyezwa. Zamani kilikuwepo kweli: kijiti kidogo karibu na bawaba, kilichobanwa na kifuniko. Kijiti hicho kilikuwa adui wa vumbi. Punje chache za mchanga zilitosha kukikwamisha.

Mashine za leo hutumia sumaku. Kwenye ukingo wa kifuniko kumefichwa kipande cha sumaku kidogo kuliko ukucha. Kwenye sehemu ya kibodi, mara nyingi pale unapopumzisha viganja, kuna kihisi kinachotambua sumaku ikikaribia. Baadhi ya mashine zimegeuza mpango: sumaku iko chini, kihisi kiko kwenye fremu ya kioo. Kanuni ya vihisi vingi vya aina hii iligunduliwa mwaka 1879 na Edwin Hall, mwanafizikia wa Marekani, aliyeona kwamba sumaku husukuma pembeni umeme unaopita ndani ya bamba jembamba la metali.

Kihisi hicho hakioni. Hakijui kifuniko ni nini. Kinajua jambo moja tu: sumaku ipo karibu, au haipo. Ukielewa hapo, umeelewa nusu ya malalamiko yote tunayopokea.

Sumaku zinazodanganya kihisi

Mashine ikizima kioo wakati kifuniko kiko wazi, tafuta sumaku kabla ya kutafuta fundi. Hapa kwetu zimejaa:

- Beji ya jina inayoshikwa na sumaku. Wafanyakazi wengi wa hoteli na kambi za watalii huzivaa kifuani. Ukiivua na kuiweka kwenye kibodi, kioo kinaweza kuzima.
- Kava la simu lenye kishikizo cha sumaku, simu ikilazwa pembeni mwa kibodi.
- Mkanda wa saa wa sumaku, na bangili za sumaku zinazouzwa kwa madai ya kutuliza maumivu ya viungo. Bangili za shanga, za shaba na za aluminiamu hazina neno. Vaa kwa amani.
- Spika. Karibu kila spika ina sumaku nyuma yake. Waongoza watalii wanaohamisha picha ndani ya gari huiweka mashine juu ya mlango au dashibodi yenye spika, kisha wanalaumu kebo.
- Mashine nyingine. Ukiweka kompyuta moja iliyo wazi juu ya nyingine iliyofungwa, sumaku ya ile ya chini inaweza kuilaza ya juu. Hili hutokea sana kwenye ofisi za shule zenye meza ndogo.
- Jalada la kishikwambi. Walimu waliogawiwa vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 watambue kwamba majalada mengi ya kukunja yana sumaku. Jalada la aina hiyo linaweza kuwasha au kuzima kioo cha kishikwambi, na pia kuisumbua kompyuta iliyo jirani.

Jaribio ni rahisi. Hifadhi kazi yako kwanza. Ondoa kila kitu mezani, vua saa na beji, kaa na mashine dakika tano. Isipozima, rudisha kimoja kimoja hadi umjue mkosaji. Ukitaka kujua kihisi kilipo, chukua sumaku dhaifu ya kubandika kwenye friji na uipitishe polepole kwenye ukingo wa kibodi. Pale kioo kitakapozima ndipo kilipo. Usitumie sumaku ya spika kwa jaribio hili.

Pale kihisi kinaposhindwa kuona

Tatizo la pili ni kinyume chake, na ndilo la hatari: umefunika, lakini kihisi hakikuona sumaku.

Sababu ya kwanza ni barabara. Vumbi jekundu la Karatu huingia kwenye bawaba na kuzikaza, na mtu akilazimisha kufungua, bawaba hupinda. Kifuniko kikilegea, mtikisiko wa njia ya Endulen au Loliondo hukifanya kichezecheze ndani ya begi. Kikiachia milimita chache, kihisi huripoti kwamba umefungua, na mashine huamka gizani. Begi lenye mkanda wa ndani unaoibana mashine husaidia sana.

Sababu ya pili ni waya. Nyaya za kioo hupita ndani ya bawaba, na kila kufungua na kufunga huzikunja. Zikianza kukatika, utaona kioo kikicheza kifuniko kikiwa kwenye pembe fulani. Hiyo ni kazi ya fundi.

Sababu ya tatu tunaomba uisome mara mbili. Betri iliyovimba huinua kibodi na padi ya mguso, hivyo kifuniko hakikai sawasawa na sumaku haifiki karibu na kihisi. Mashine haitalala kwa sababu betri imevimba, na betri itazidi kuvimba kwa sababu mashine hailali. Mtu akituletea mashine "isiyolala", kitu cha kwanza tunachofanya ni kuilaza mezani na kuangalia kama inayumba. Ikiyumba, au padi ya mguso imenyanyuka, au kifuniko kinaacha mwanya upande mmoja, hatuendelei na mipangilio. Tunaizima.

Kulala, kulala fofofo, na kuzima

Tofautisha mambo haya matatu.

Kulala ni kama kaa la moto lililofukiwa majivuni. Huoni mwali, lakini moto upo. Kazi zako zimeshikiliwa kwenye kumbukumbu ya muda, na kumbukumbu hiyo inahitaji umeme kila sekunde. Chaji ikiisha, kazi ambayo hukuihifadhi imepotea.

Kulala fofofo ni pale mashine inapoandika kila kitu kwenye diski kisha kukata umeme. Ukiwasha, inachelewa kidogo lakini inakurudishia kazi yako ulipoiachia. Kwa anayeishi kwa umeme wa sola, au asiye na uhakika wa kuchaji leo, hii ndiyo njia inayomfaa.

Kuzima kunajulikana. Ila tambua kwamba tangu Windows 8 ya mwaka 2012, mashine nyingi zinapozimwa huhifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski ili ziwake haraka. Mashine iliyogoma kuamka vizuri kwa siku kadhaa isizimwe tu. Chagua kuianzisha upya, maana hapo ndipo mfumo husomwa wote kuanzia mwanzo.

Liko jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Kompyuta nyingi za miaka ya karibuni hazilali kama zile za zamani. Hulala jicho moja kama simu: kioo kimezimwa, lakini mashine inaweza kuendelea kupokea barua pepe na kupakua masasisho ya mfumo. Kwa mtu mwenye umeme na meza, ni raha. Kwa mtu mwenye begi na safari, ni moto begini. Ukitaka kujua ya kwako ni ya aina gani kwenye Windows, fungua dirisha la amri, andika `powercfg /a`, bonyeza Enter. Orodha ikitaja S3 kwamba inapatikana, mashine yako hulala kwa mtindo wa zamani. Ikitaja S0, hulala jicho moja. Iweke ilale fofofo.

Kurekebisha mipangilio

Kwenye Windows, ingia Control Panel, kisha Power Options, bofya mstari unaosomeka "Choose what closing the lid does". Utaona safu mbili: mashine ikiwa kwenye betri, na ikiwa kwenye chaja. Kagua zote mbili. Mara nyingi mtu aliunganisha projekta ukumbini, akaweka "Do nothing" ili onyesho lisikatike kifuniko kikifungwa, kikao kikaisha, akasahau. Tangu siku hiyo mashine haijalala hata mara moja. Chagua "Hibernate", yaani kulala fofofo. Usipoiona, iwashe kwanza kwenye ukurasa wa vitufe vya umeme uliomo humohumo.

Kujua nini kiliiamsha usiku, andika `powercfg /lastwake`. Mara nyingi utakuta ni kipanya au mtandao. Chomoa kipanya kabla ya kuweka begini. Kikigandamizwa na daftari kinaweza kuiamsha mashine.

Kwa wanaotumia Linux, mfumo huandika hali ya kifuniko kwenye faili. Andika `cat /proc/acpi/button/lid/*/state`. Kifuniko kikiwa wazi na jibu likasema "closed", kihisi kinadanganywa au kimekufa. Uamuzi wa nini kifanyike kifuniko kikifungwa umo kwenye `/etc/systemd/logind.conf`, mstari wa `HandleLidSwitch`. Kumbuka kwamba mashine ikiwa imeunganishwa na kioo cha nje, mfumo kwa kawaida hupuuza kifuniko, na hilo si kosa.

Kihisi kikifa kabisa, fundi anaweza kuiambia mashine ipuuze kifuniko. Kuanzia hapo, jukumu la kulaza na kuzima ni lako mwenyewe, kwa menyu, kila siku.

Ukungu, baridi na mwinuko

Kingo za kreta ya Ngorongoro ziko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,300. Hewa huko ni nyepesi, mgandamizo wake ukiwa pungufu kwa karibu robo ukilinganisha na pwani, hivyo feni hupoza kwa shida zaidi. Mashine iliyovumilia kusahauliwa begini Tanga huenda isivumilie hivyo huko juu.

Asubuhi ya ukungu, mashine iliyolala garini huwa baridi. Ukiiingiza kwenye chumba chenye jiko au watu wengi, mvuke hutua juu ya metali baridi, nje na ndani. Iache ndani ya begi lake nusu saa ipate joto taratibu, ndipo uiwashe. Usiianike juani, na usiizike kwenye mchele: mchele hauvuti maji yaliyo ndani ya mashine, unaongeza vumbi lake tu.

Taarifa za watu zisiachwe wazi

Hapa hatubembelezi. Mwalimu anabeba majina na alama za wanafunzi. Mhudumu wa afya anabeba taarifa za wagonjwa. Mtendaji wa kijiji anabeba orodha za kaya. Mashine isiyolala, au inayoamka bila kudai nenosiri, ni kabati la faili lililoachwa wazi kwenye kiti cha basi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde. "Nilidhani imezima" hakutamrudishia mgonjwa siri yake. Weka nenosiri, na hakikisha linadaiwa kila mashine inapoamka.

Betri ikivimba

Acha kuitumia papo hapo. Chomoa chaja. Zima. Usiibonyeze irudi, usiitoboe kutoa hewa, usiifunge kwa mpira. Ndani si hewa ya kawaida. Ni gesi inayoweza kuwaka. Iweke mahali pakavu penye hewa, mbali na godoro, nyasi kavu na watoto, kisha ipeleke kwa fundi mwenye ujuzi. Ikianza kutoa moshi, ondoa watu, msiuvute moshi wake, na piga 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Betri iliyokufa haitupwi shimoni wala kwenye moto wa takataka. Taka za kielektroniki zina kanuni zake tangu mwaka 2021, chini ya sheria ya mazingira.

Nani anahudumiwa

Ushauri ni kwa kila mkazi. Mashine yenye dhamana irudi kwanza kwa muuzaji, ikiwa na risiti. Ikifunguliwa na fundi mwingine, dhamana inaweza kufa. Mashine ya ofisi iletwe kwa idhini ya ofisi. Hifadhi nakala ya kazi zako kabla ya kuileta.

Kadi ya begi

Kata kadi hii. Ibandike ndani ya begi, juu ya mfuko wa kompyuta, mahali ambapo mkono wako hupita kabla ya zipu. Tunaamini kadi hii kuliko kumbukumbu ya mtu mwenye haraka, hata yetu wenyewe.

> KUFUNIKA SI KUZIMA
> Taa: imezima, au inapumua polepole?
> Feni: kimya?
> Tumbo: linapoa?
> Kipanya: kimechomolewa?
> Safari zaidi ya saa moja: ZIMA KWA MENYU.
> Mashine inayumba mezani: USIITIE BEGINI. HUENDA NI BETRI.